Ukuta Wenye Meno

Kisugu, Kampala
2 Mei 1993

Mama Byron wangu,

Barua yako dereva wa basi alinipa jana. Imekunjwa kama sambusa na inanuka samaki, lakini hakuna neno lililonipita. Nashukuru Byron amepona surua. Na mama yangu kama bado anakugombeza kila asubuhi, mshukuru Mungu. Siku akinyamaza ndiyo siku ya kuogopa.

Umerudia lile lile: hutakanyaga Kampala mpaka nikuonyeshe mahali ambapo mwanamke mwenye heshima zake ataoga bila mabati kupeperuka na wateja kumsalimia akiwa na povu. Haya, umeshinda. Nimeanza kujenga bafu.

Nyuma ya gereji, karibu na vyumba vyetu viwili, kuna kijumba cha matofali ambacho aliyepanga hapa kabla yangu alikianza akakiacha. Kuta zipo, paa lipo, bomba limefika mlangoni, basi. Mimi nilikuwa nakitumia kuwekea tairi kuukuu. Majuzi, mimi na Mugisho, yule mchomeleaji wangu kutoka Bukavu, tulizitoa tairi zote, na nyuma yake tukakuta gia ukutani. Gia moja ya Land Rover, imezamishwa kwenye plasta usawa wa kifua, meno yake yametokeza, imepigwa msasa hata inakurudishia sura yako. Ungedhani mtu alianza kupamba akaitwa nje kidogo.

Nilipoitazama ile gia nikapata wazo. Gereji imejaa vyuma visivyo na kazi. Kwa nini bafu la fundi wa magari lifanane na la karani wa benki? Basi sikiliza. Kioo kitakaa ndani ya usukani wa lori la Bedford. Sabuni itakaa juu ya kichwa cha pistoni. Taa ni taa ya mbele ya Land Rover, nayo nimeshaijaribu, inawaka. Karatasi ya chooni itavishwa springi ya valvu. Mpini wa mlango ni konrodi, ule mkono wa pistoni. Ukutani nitapanda gia za kila ukubwa kama maua, na kuzunguka chumba chote, juu, mstari wa cheni za pikipiki. Chini rangi ya kijivu kama bloku ya injini, juu krimu. Sakafu ni vigae vyeupe na vyeusi.

Unauliza kuhusu majirani. Ni watu wema. Aliyepanga kabla yangu alihama.

Nisalimie mama. Mwambie Byron nikisikia amepanda tena paa la jirani nitamfuata kwa miguu.

Mume wako,
Owuor


Kisumu
14 Mei 1993

Baba Byron,

Nimeisoma barua yako kwa sauti jikoni, nikacheka mpaka mama yako akauliza kama nimeingiwa na kitu. Kwa hiyo nitakuwa najitazama ndani ya usukani! Nikiona uso umechoka nikate kona? Na hiyo sabuni juu ya pistoni, angalia isiniachie grisi mahali pasipo na jina.

Lakini nimependa. Sikudhani utanisikiliza.

Nina neno moja. Unasema yule wa kwanza alihama. Alihamia wapi? Mtu hapigi msasa gia mpaka ing'ae, akaipanda ukutani kwa mikono yake, halafu akahama tu kama mtu aliyeshuka kituoni. Mimi sijafika Kampala, lakini nakumbuka waliopita hapa mwaka ule wa vita wakitokea Busia na magodoro kichwani, na waliyosimulia. Sitaki kuoga katika nyumba ya mtu asiyejulikana alipo. Muulize mwenye nyumba.

Mama yako anasema bafu lisielekee mlango wa jikoni. Nimemwambia hakuna jikoni. Amesikitika sana.

Ni mimi,
Teresa


Kisugu
30 Mei 1993

Mpenzi Teresa,

Bafu linakwenda vizuri. Vigae vimekaa, maji yanatoka, yanaingia shimoni bila kusitasita. Juzi mteja mmoja aliomba aingie kunawa mikono, akakaa humo mpaka gari lake likamaliza kupakwa rangi. Alitoka akisema hajawahi kuona kitu kama hicho, na nadhani sasa anakihadithia mji mzima.

Ila Mugisho ananichezea. Sikiliza mambo yake. Kando ya ile gia niliyoikuta nilipanda mbili nyingine, zikawa tatu kama ua, kila moja imeuma wenzake wawili. Kwa macho zinapendeza. Nikaenda kula. Niliporudi zilikuwa nne. Ya tatu imesogezwa, kagia kadogo kamepenyezwa pembeni yake, na plasta imelainishwa kwa mkono unaojua kazi, bado mbichi. Nikasimama kuangalia, ndipo nikaliona kosa langu: gia tatu zikiumana kwa duara haziwezi kuzunguka, kila moja inamzuia mwenzake. Nne zinazunguka. Mimi sikujali, kwa kuwa ni mapambo, hayaendi popote. Lakini mtu fulani alijali. Nimemwambia Mugisho asante. Anaapa kwa jina la mama yake kwamba hajaingia humo.

Mengine ni madogo. Sabuni huwa imelowa wakati hakuna aliyeoga. Mchana, tukiwa tumekaa kula, kuna wakati tunasikia tupa inasugua chuma taratibu. Ukisogea mlangoni inanyamaza. Panya wa Kampala ni wakubwa sana. Nimenunua kufuli.

Habari za mwenye nyumba nitakueleza ukija, si za kuandika. Na yuko mama mmoja, jina lake Aciro, anauza odii, ile siagi yao ya karanga na simsim, soko la Nakawa. Sasa huja hapa asubuhi, anaingia bafuni, anakaa kidogo, halafu anaenda sokoni. Usimshangae ukimkuta. Hilo nalo nitakueleza.

Uje kabla mvua hazijaharibu barabara.

Wako,
Owuor


Kisumu
9 Juni 1993

Owuor,

Nimesoma kwamba mama wa odii huingia bafuni kwangu kila asubuhi, anakaa kidogo, na nisimshangae. Nimesoma kwamba habari za mwenye nyumba si za kuandika. Nimesoma kwamba umenunua kufuli.

Mama yako ameniuliza kwa nini nakaza kilemba namna hii. Nikamwambia nasafiri.

Byron atabaki naye. Usinijibu. Nitafika kabla ya barua yako.

Teresa


Kisumu
4 Julai 1993

Mke wangu,

Nimefika salama. Ni kweli kama tulivyoambiwa, mguu wa mama umevunjika chini ya goti. Wamemfunga plasta, naye amelala kitandani anaamrisha watu kama jenerali. Hata hivyo amekonda, na akishika mkono wangu hauachii. Nitakaa naye mpaka asimame. Byron ananikokota kila mahali anionyeshe vitu alivyovunja.

Lakini ndani ya basi sikupata usingizi. Nimekuacha peke yako na ule ukuta, ukiwa na wiki tatu tu mjini. Nilikuficha kwa kuwa niliogopa hutakuja, nawe ukaja kwa sababu nilikuficha. Sijui nicheke au nilie.

Nashukuru ulipomaliza kumfokea Aciro ulimpa kiti. Mimi siku ya kwanza sikujua la kufanya. Alikuwa amesikia habari za bafu kutoka kwa yule mteja, hapo hapo sokoni, akaacha mizani yake na kuja mbio. Alisimama mlangoni akaangalia zile gia nne, akaniuliza, "Nani amekuonyesha?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Hii mume wangu alinichorea chini, kwa kijiti, uani kwetu barracks. Alisema akimaliza, mimi nitaoga kama bibi ya waziri." Kisha akaketi pale pale mlangoni.

Mwenye nyumba alikuwa ameniambia zamani, nami nikakuandikia alihama. Onen, huyo mume wake, aliyepanga kabla yangu, hakuhama. Alikuwa fundi wa magari ya polisi, na hapa Kisugu alikuwa akifanya kazi zake za jioni. Januari ile ya themanini na sita, risasi zilipoingia mjini, alitoka kuja kufunga gereji. Hakuonekana tena, si hai si maiti. Aciro alizunguka kila mahali palipokuwa na maiti. Ulimsikia mwenyewe akisimulia.

Na uliyoyasikia Jumapili ile, tupa ikisugua mchana kweupe na mlango umefungwa kwa nje, mimi nimekuwa nikiyasikia tangu Mei. Huna wazimu.

Sasa, ndugu za Onen wamesema miaka imetosha, azikwe. Aciro aliniuliza sisi kwetu tunafanyaje mtu akipotea, nikamwambia tunazika yago, lile tunda refu, kwa niaba ya mwili. Wazee wake wamekubali. Kaburi litachimbwa nyumbani kwao, mbele ya Gulu, Jumanne ya tarehe ishirini. Aciro anaomba ile gia ya kwanza, aliyoipanda Onen kwa mkono wake, izikwe pamoja na yago. Mwambie Mugisho aitoe taratibu kwa patasi, ampe kabla hajapanda basi Ijumaa. Maskini, labda akipata kaburi atapumzika, nasi atatuachia bafu.

Kaa karibu na watu. Nenda kanisani na wale akina mama.

Owuor


Kisugu
17 Julai 1993, Jumamosi

Baba Byron,

Keti kwanza. Kama mama yako yuko karibu usisome kwa sauti.

Alhamisi, kama ulivyoagiza, Mugisho aliingia bafuni na patasi na nyundo. Mimi na Aciro tulisimama mlangoni. Aliiweka patasi pembeni ya ile gia, akapiga mara moja. Owuor, ukuta ulitoa sauti. Si ya chuma, si ya tofali. Ni sauti ya mtu aliyelala akachomwa. Mugisho aliangusha nyundo, kigae kimoja kikapasuka, akatoka akipangusa mikono yake kwenye suruali kana kwamba ina kitu. "Mama Byron," akaniambia, "mi naacha. Ukuta iko inasikia uchungu. Mi si daktari."

Aciro hakulia. Aliweka kiganja chake mahali patasi ilipogusa, akasema, "Basi, muache. Hataki kwenda." Ijumaa aliondoka na shati kuukuu la Onen tu, ndani ya mfuko wa nailoni.

Leo nimefuata ushauri wako. Wale akina mama wa parokia huenda Jumamosi kufua nguo za wagonjwa kwenye nyumba ya masista, kilimani, ukishapita Luzira, mahali unapoliona ziwa. Wanalea vilema na waliojeruhiwa vitani wasio na kwao. Mkubwa wao anaitwa Sista Rosalba, Mwitaliano mnene, Kiswahili chake kinatiririka kuliko changu. Nilipomaliza kufua akaniomba nimsaidie kubadilisha mashuka wodi ya wanaume.

Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, kuna mtu mrefu, ana kovu kubwa la kichwa. Wanamwita Baba Kimya. Sista alisema waliletewa akiwa na jeraha, katika gari la wagonjwa wengi, mwaka ule wa vita, hana karatasi, hana jina, hasemi. Walikuwa naye kule upande wa Masaka miaka yote. Nyumba ile ilipochakaa wakahamia hapa, baada tu ya Pasaka. Yaani mwaka huu, Owuor. Kabla kidogo ya wewe kutoa zile tairi.

Nikainama kuvuta shuka, nikaona ukuta wake.

Ameupaka udongo, na ndani ya udongo amepanda vizibo vya soda, vimejaa, meno nje. Katikati kuna vifuniko vya makopo ya maziwa alivyovikata meno kwa mkasi. Vitatu vikubwa na kimoja kidogo, vimeumana kwa duara. Juu yake ameviringisha uzi mweusi kuzunguka, mahali penye cheni zetu. Pembeni amechora kwa mkaa duara lenye mikono mitatu, na ndani yake amebandika kipande cha kioo. Owuor, ule usukani uliuweka wewe. Ni wazo lako. Yeye ameuona wapi?

Niliketi sakafuni na shuka mikononi. Sista akadhani nimezidiwa na joto. Nikamuuliza kama mtu huyu amewahi kutoa sauti. Akasema, "Ajabu unaniuliza. Juzi, Alhamisi, kabla ya chakula, alipiga kelele. Kelele moja. Alishika kifua hapa, kana kwamba amechomwa. Tangu tuwe naye hatujasikia sauti yake."

Nikamsogelea. Aciro aliniambia sikio la kushoto la Onen lina pengo, mbwa alimng'ata utotoni. Pengo lipo. Nikamsalimu kwa Kijaluo, maana kinakaribiana na Kiacholi chao, polepole. Aligeuza kichwa. Nikasema, "Onen." Akaniangalia kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto, anasikia sauti tu. Halafu akaweka kiganja juu ya kile kifuniko cha kwanza. Hakukitoa mpaka nilipoondoka.

Hajafa, Owuor. Yuko hai, na Jumanne wanamzika.

Nimekimbia stendi. Leo basi la Gulu limeondoka, kesho hakuna. Mugisho ameniambia atapanda la Jumatatu yeye mwenyewe, na akishuka atakodi baiskeli mpaka kijijini. Nimemwandikia Aciro barua, nimeishonea ndani ya kola ya koti la Mugisho. Sijui kama atawahi. Mimi Jumanne nitakwenda kukaa na yule mtu. Siwezi kumwacha peke yake siku hiyo.

Teresa


Kisumu
19 Julai 1993

Teresa,

Dereva ameniletea barua yako sasa hivi na basi linarudi, anapiga honi.

Mama amesikia yote, nilishindwa kumficha. Ameketi kitandani, uso umembadilika. Anasema yago halizikwi kwa mtu anayepumua. Anasema kuna mzee alizikiwa hivyo kwao, baadaye akarudi kutoka utumwani, akafika mpaka kwenye ua wa boma lake, akalala hapo hapo, hakuamka. Anasema kama wameshafukia, wafukue, na wasiseme neno wakifukua.

Sijui ninachokiamini. Lakini mshike mkono. Usiuachie.

Owuor


Kisugu
21 Julai 1993

Baba Byron,

Mkono nilikuwa nimeushika kabla barua yako haijafika.

Jana asubuhi nilimkuta anakula uji, mtulivu. Nikakaa pembeni ya kitanda, tukaangalia ziwa. Jua lilipopanda, alianza kutoka jasho. Akaweka kijiko chini vizuri, akalala chali, akainua mikono yote miwili juu yake na kusukuma, kama mtu aliye chini ya gari na jeki imeteleza. Hakuna kilichokuwa juu yake, Owuor. Hewa tu. Lakini niliona mikono yake inalemewa, inashuka, viwiko vinapinda. Akaanza kukohoa na kutema. Sista Rosalba akaja na dawa, akasema ni malaria. Mdomoni hamkuwa na kitu, nami nilimwona akitema kama mtu anayetema udongo.

Nilipanda kitandani kwa magoti, mimi mke wa mtu, nikaweka mikono yangu pamoja na yake nikasukuma. Nilikuwa naita jina lake. Wagonjwa wengine walikuwa wanasali kila mtu kwa lugha yake. Nilihisi uzito, sitakudanganya, nilihisi uzito wa baridi unakuja juu yetu, kidogo, halafu kidogo tena.

Halafu ukaondoka. Mara moja, kama mfuniko. Alivuta pumzi ndefu hata shuka ikanyanyuka, akalala usingizi. Sista alimpima, joto limeshuka. Akaandika malaria.

Sijapata habari yoyote kutoka Gulu. Mugisho hajarudi. Nangoja.

Teresa


Kisugu, Kampala
29 Agosti 1993

Baba Byron,

Mimi ni Aciro. Mama Byron amesema niandike mwenyewe, yeye amechoka kuandika mambo yangu. Kiswahili yangu ni ya barracks, unisamehe.

Kwanza pole kwa mguu wa mama. Nimesikia sasa anatembea na fimbo na anapiga watoto nayo. Hiyo ni afya.

Nikuambie ile Jumanne. Shimo ilikuwa tayari. Walifunga yago ndani ya shati yake, wakaweka chini, mkubwa wa ukoo akatupa udongo ya kwanza, ndugu wakafuata. Mimi nilikuwa nashika jembe, zamu yangu imefika. Ndipo nikasikia watoto wanapiga kelele barabarani, mtu anakuja na baiskeli haina breki, anaanguka, anaamka, anakuja. Mugisho. Alikuwa vumbi mpaka kwa meno. Hakusalimia. Alirarua kola ya koti mbele ya watu wote, wakafikiri ni kichaa.

Nilisoma. Niliingia ndani ya shimo na nguo yangu ya msiba, nikatoa udongo na mikono. Wazee walikasirika. Mama yake Onen peke yake hakuuliza kitu, ameinama pale juu, amenyoosha mkono, akanipokea ile tunda kama unapokea mtoto. Aliifungua, akavaa shati yeye mwenyewe, na yago akatupa porini bila kuangalia nyuma.

Ijumaa nilikuwa kwa masista. Ni yeye. Amekuwa mzee kunipita, na mimi pia nimezeeka. Nilimwita. Aliangalia mimi na heshima, kama mtu unakuta ofisini. Hanijui, Baba Byron. Sista alisema kichwa ilipigwa, mambo mengine imetoka, haitarudi. Lakini sasa anasema. Tangu ile Jumanne anasema maneno, moja moja, Kiacholi na Kiswahili.

Nilienda kila siku baada ya soko. Nilimwogesha, nilimkata nywele, nilimletea odii. Wiki iliyopita Sista alikubali tumlete Kisugu, aone. Mugisho alitafuta gari. Alishuka polepole, akapita gereji yote akigusa vitu, magari, meza, mtungi wa gesi. Alijua njia. Akafika mlango ya bafu akasimama.

Akapiga hodi.

Mama Byron akamwambia, "Ingia tu, baba, hamna mtu." Yeye akatingisha kichwa. "Iko mtu ndani," akasema. "Tungoje atoke."

Mama Byron alifungua mlango. Taa ilikuwa inawaka, sakafu ilikuwa maji maji, mtu hakuna. Yeye hakukubali kuingia. Basi tukangoja, sisi wanne, tumejipanga kama watu wa hospitali, hakuna anayecheka. Jua ilikuwa kali. Sijui muda gani. Halafu yeye akasogea pembeni, akasema kwa Kiacholi, "Asante, ndugu, umefanya kazi nzuri," na akageuza macho polepole, kama anafuata mtu anayepita katikati yetu kwenda barabara. Mimi sikuona kitu. Lakini upande wa mkono wangu wa kuume ilipita baridi, na harufu ya petroli na sabuni, harufu ya mume wangu ya zamani, ya siku zile anarudi kazini. Niliijua. Nilitaka kukimbia niifuate. Mama Byron alinishika nguo.

Ndipo yeye akaingia, akafunga mlango, tukasikia maji.

Tangu ile siku hakuna kelele bafuni. Mugisho anaingia kuoga na anaimba. Mama Byron anasema wewe urudi sasa, bafu ni bafu.

Mimi usiku nafikiria yule aliyeenda na barabara. Kama huyo ndiye alikuwa ananikumbuka, ameenda wapi? Lakini siwezi kumfuata yule na kumwacha huyu. Nimepanga chumba hapa karibu, masista wamekubali nimchukue.

Jana tulikuwa tumekaa nje, mimi natoa maganda ya karanga, yeye ananisaidia. Akaniuliza jina langu. Ameniuliza mara nyingi, anasahau. Nikamwambia, Aciro. Akasema ni jina nzuri. Akamenya karanga nyingine, akaweka kwa sinia yangu. Halafu akaniuliza, kwa aibu, kama kijana, kama mimi nina bwana.

Nikamwambia hapana, sina. Aendelee kuuliza.

Aciro